Maigizo na vikaragosi shuleni ng'ambo ya Kasumbalesa: mwongozo kamili kwa timu za misheni kutoka Lubumbashi

Timu ya vijana wa kanisa ikitoka Lubumbashi kwenda kuhudumia shule za Chililabombwe, Chingola au Kitwe haiendi mbali. Kasumbalesa iko kilomita 90 hivi, saa ya mkononi haibadiliki, na upande wa pili watu wanakula bukari (ugali) ileile, ila wao wanaiita nshima. Ukaribu huo ndio unaoponza. Kwa kuwa ni karibu, watu hujiandaa kama wanaokwenda kwenye tamasha la kwaya Likasi: nyimbo mbili, mchezo mmoja uliojaa maneno, spika ya kuazima, mengine Mungu atajalia. Kisha wanasimama mbele ya watoto 600 wanaosema Kibemba na Kiingereza, wanatoa utani wao mzuri kabisa wa komini ya Katuba, na hakuna anayecheka.

Lubumbashi ni mji wa michezo ya kuigiza. Kundi la Mufwankolo lilifurahisha watu redioni na kwenye televisheni kwa Kiswahili cha hapa kwa miaka mingi, na vijana wengi makanisani wanaigiza kwa mtindo huo hata bila kujua wameurithi wapi. Ni mtindo mtamu, lakini utamu wake umo katika maneno, na maneno hayo hayavuki mpaka. Kwa hiyo kila kitu katika mwongozo huu kinasimama juu ya jambo moja: mwili ucheze, mwenyeji aseme. Igizo lieleweke bila neno hata moja, na maneno machache yanayobaki yatoke kinywani mwa mtu wa kanisa la kule, ambaye watoto watakutana naye tena wiki ijayo.

Chagueni Julai

Mwaka wa shule wa Kongo unaanza Septemba na kwisha mwanzoni mwa Julai. Wa Zambia unaanza Januari na una mihula mitatu. Muhula wa pili unaanza Mei na kumalizika karibu na mwanzo wa Agosti. Maana yake ni kwamba Julai wanafunzi na walimu wa Lubumbashi wako likizoni huku madarasa ya Zambia yakiwa yamejaa. Dirisha jingine zuri hivyo hakuna. Mvua pia hakuna, na barabara ni kavu.

Lakini msianze na wiki ya kwanza. Jumatatu ya kwanza ya Julai ni Siku ya Mashujaa nchini Zambia, na Jumanne inayofuata ni Siku ya Umoja. Shule zinafungwa, na walimu wengi husafiri tangu Ijumaa. Wiki ya mwisho ya muhula nayo ni ya mitihani na kusahihisha. Ulengeni wiki ya pili na ya tatu. Siku tano za shule zinatosha, shule moja kwa siku, mbili kama ni jirani. Timu inayojipangia shule tatu kwa siku inamaliza ya tatu ikiwa na sauti zilizokauka na watu walionuniana.

Julai ni baridi. Usiku kipimo kinaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na asubuhi upepo unapeperusha vumbi. Bebeni sweta, na upepo huo mkumbuke mtakapofika kwenye jukwaa.

Mwenyeji kwanza

Wiki 16 kabla ya safari tafuteni kanisa mwenyeji. Makanisa mengi ya Katanga yana ndugu zao Copperbelt, mkoa wa Zambia zilipo shule hizo, Wamethodisti kwa mfano, na barua ya mchungaji kwa mchungaji hufungua mlango haraka kuliko ujumbe wa simu kwa mtu msiyemjua. Muulizeni mwenyeji mambo matatu kabla ya lolote: anataka watoto wafanye nini baada ya sisi kuondoka, ni nani atakayesema kwa Kibemba, na ni shule zipi zinazomfahamu. Kama swali la kwanza halina jibu, hiyo si safari ya misheni, ni maonyesho.

Wiki 12 kabla, mwenyeji (si ninyi) apeleke barua kwa Katibu wa Bodi ya Elimu ya Wilaya, ofisi ambayo kila mwalimu wa Zambia anaiita DEBS kwa kifupi. Mwalimu mkuu anaweza kuwakaribisha kwa moyo mkunjufu, lakini bila karatasi hiyo anajiweka hatarini, na asubuhi ya tukio atakumbuka hivyo. Barua iwe ya Kiingereza, ukurasa mmoja: majina ya timu, muda unaoombwa (dakika 40), muhtasari wa igizo, orodha ya vifaa, na sentensi inayosema wazi kwamba hamtatoa zawadi kwa mtoto mmojammoja wala kupiga picha bila ruhusa. Saa ziandikwe kwa tarakimu. Kiswahili kinasema saa mbili, wao wanajua 08:00, na kosa hilo limekwisha kuharibu miadi mingi.

Msiende kama watu wanaoleta jina la Yesu kwa mara ya kwanza. Rais Chiluba aliitangaza Zambia kuwa taifa la Kikristo Desemba 1991, na tamko hilo limo katika utangulizi wa katiba tangu 1996. Watoto wengi mtakaowakuta wanaijua Luka 15 kuliko mwigizaji wenu mmoja au wawili. Wapo pia Mashahidi wa Yehova, wapo Waislamu. Kazi yenu ni kuwaonyesha hadithi wanayoijua kana kwamba inatokea mbele yao leo.

Makaratasi, na kadi mbili za njano

Hati ya CEPGL (jumuiya ya kiuchumi ya nchi za Maziwa Makuu) inayotumiwa na watu wa Goma na Bukavu kuvuka kwenda Rwanda na Burundi haina kazi hapa. Kila mtu awe na pasipoti, na masharti ya viza yaulizwe mapema kwenye ubalozi mdogo wa Zambia uliopo Lubumbashi. Ulizeni hasa kama shughuli ya dini shuleni inahitaji kibali tofauti na cha matembezi. Mpakani semeni kweli. Mtu anayesema "tunamtembelea shangazi" huku nyuma ya gari kuna jukwaa na spika mbili anawatia wenzake wote mashakani.

Kadi za njano ni mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo huanza kuhesabiwa siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo anayekwenda kuchomwa siku mbili kabla ya safari amechelewa. Ila aliyechomwa hata miaka 15 iliyopita yuko sawa, kwa kuwa tangu Julai 2016 cheti kinahesabika maisha yote. Ya pili ni bima ya gari ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, nayo ni ya gari, si ya mtu.

Kuhusu gari lenyewe, shauri letu ni liishie Kasumbalesa, mwenyeji akodi basi dogo upande wake. Zambia wanaendesha kushoto. Dereva mzuri atazoea, lakini mlango wa basi la kwetu uko kuume, na kule kuume ni katikati ya barabara: kila mkishuka mnashukia magari. Mtu aliyechoka hakumbuki.

Vifaa viandikiwe orodha ya nakala nne yenye jina la kifaa, namba yake na thamani, na igongwe muhuri wa forodha wakati wa kutoka. Bila orodha hiyo, spika iliyonunuliwa Lubumbashi inaweza kurudi ikadaiwa ushuru kama bidhaa mpya. Nakala moja abaki nayo kiongozi, moja mwenyeji, mbili ni za mpakani.

Foleni ya malori ya shaba pale Kasumbalesa huwa ndefu mno. Magari madogo hupita pembeni, ila fikeni mapema asubuhi na msipange onyesho siku ya kuvuka. Muwe na njia ya pili kichwani. Agosti 2024 Zambia ilifunga mpaka kwa siku chache kwa sababu ya mzozo wa biashara ya vinywaji. Mokambo inawatoa Mufulira, Sakania inawaelekeza Ndola, ingawa mwezi huo nako kulifungwa. Magonjwa nayo yana kalenda yake: Januari 2024 shule za Zambia zilichelewa kufunguliwa kwa ajili ya kipindupindu. Mwenyeji awapigie simu wiki moja kabla, na tena siku mbili kabla.

Watu wanane

Wanane wanatosha, na wote wawe wametimiza miaka 18, maana mtoto kuvuka na watu wasio wazazi wake ni mlima mwingine wa karatasi. Wanne ni waigizaji, na haohao wanashika vikaragosi. Mmoja ni wa sauti. Mmoja anasimama upande wa watoto muda wote, mgongo kwa jukwaa, akiwaangalia wao. Anabeba sanduku la huduma ya kwanza na hana kazi nyingine. Mmoja anashughulikia fedha, chakula na karatasi. Wa nane ni kiongozi, na yeye haigizi. Kiongozi anayeigiza hawezi kuzungumza na mwalimu mkuu anayeuliza mambo katikati ya onyesho, na mwalimu mkuu huuliza katikati ya onyesho.

Kondoo mmoja, dakika saba

Hapa ndipo kazi ilipo. Chukueni hadithi moja tu kwa onyesho zima. Msamaria mwema inafaa, Zakayo juu ya mti inafaa, lakini kwa timu inayoanza kondoo aliyepotea (Luka 15:3-7) ndiyo rahisi kuliko zote: ina mtu mmoja, mnyama mmoja, na tatizo ambalo mtoto wa miaka sita analiona kwa macho.

Mchungaji anaingia akipiga mluzi, fimbo mkononi. Kondoo ni kadibodi kumi zilizochorwa na kuning'inizwa kwenye kamba. Yule atakayepotea ni kikaragosi. Dakika moja ya kumfahamu mchungaji: anamfuta mmoja pua, anamkwaza mwingine, anamwomba radhi.

Kisha anahesabu. Anainua kidole, anawatazama watoto, anangoja. Msiwaambie wafanye nini. Watamwitikia wenyewe: cimo, fibili, fitatu, fine, fisano. Mwigizaji wenu anaelewa kila namba bila kufundishwa, kwa sababu mbili na tatu zimo mle ndani. Baada ya tano anaharakisha kwa vidole, anatoa kibao chenye 97, kisha 98, kisha 99. Anageuza kibao kinachofuata: kitupu. Hapo asimame. Sekunde tatu nzima bila kufanya lolote. Waigizaji wengi huogopa kimya hicho na kukijaza kwa kukuna kichwa au kushika tumbo. Wakijizuia, uwanja mzima unanyamaza pamoja nao.

Anatafuta. Kikaragosi kinachungulia nyuma yake, watoto wanapiga kelele "Panuma! Panuma!", yaani nyuma, anageuka, hakipo. Mara tatu, basi. Ya nne inageuza utafutaji kuwa mchezo wa kujificha, na watoto wanasahau kwamba kuna aliyepotea.

Anamkuta kwenye miiba. Anaitoa mmoja mmoja, anajichoma, anapuliza kidole, anaendelea. Anambeba mabegani kama andiko linavyosema, anarudi, anaweka kibao cha 100, anawaalika wote kushangilia. Hapo mwenyeji anachukua neno kwa dakika tatu kwa Kibemba, na timu inakaa chini.

Kosa moja linajirudia katika igizo hili kuliko yote. Mchungaji akishampata kondoo, mwigizaji anamchapa fimbo kidogo ili watu wacheke. Watacheka, naam. Lakini mtoto anayechapwa nyumbani ameelewa vizuri sana: Mungu akikupata, anakuadhibu. Fimbo ibaki chini tangu anapoingia kwenye miiba.

Makosa mengine ni ya mapambo. Msipake nyuso rangi nyeupe kama waigizaji wa kimya wa Ulaya. Katika nchi hizi udongo mweupe, pemba, una habari zake za mizimu na matambiko, na darasa la kwanza litakimbia au kulia. Shati jeusi na glavu nyeupe zinatosha. Mikono ndiyo inayoonekana kutoka mbali. Vinyago vya shetani pia hapana. Watoto wa Copperbelt wamesikia habari za makishi na nyau, wacheza ngoma wa kimila wanaovaa vinyago, na kinyago kinawapeleka huko moja kwa moja. Isitoshe, shetani akiwa na kinyago kizuri ndiye anayependwa. Wakienda nyumbani wanamwiga yeye. Na mateso ya msalabani kwa mijeledi na damu ya nyanya yaachwe kwa watu wazima.

Fanyeni mazoezi wiki 10, kila Jumamosi kwa muda wa saa mbili, kisha jaribuni katika shule tatu za hapa mjini, tuseme moja ya komini ya Kenya, moja ya Ruashi, moja ya Kampemba. Onyesheni bila mtu yeyote kueleza. Baadaye waiteni watoto watano mbele ya mwalimu wao na mmoja mmoja aulizwe: umeona nini? Wakiwa watatu au zaidi hawawezi kusimulia, msiongeze maneno. Ondoeni kitu. Karibu kila mara tatizo ni kwamba watu wawili wanatembea kwa wakati mmoja na jicho la mtoto limemfuata asiyehusika.

Kutengeneza vikaragosi na jukwaa

Kikaragosi, au marioneti kama wengi mjini wanavyosema, cha kuonekana mbele ya watoto 600 kinahitaji kichwa cha sentimita 25. Kile cha soksi ni cha darasa la watu 40. Kateni sponji ya godoro ya unene wa sentimita 5, iwe mayai mawili marefu, moja la juu na moja la chini. Katikati gundisheni kadibodi ngumu iliyokunjwa iwe kinywa, kwa gundi ile ya mafundi viatu. Ndani ya kadibodi shoneni mikanda miwili, mmoja wa vidole vinne, mmoja wa dole gumba. Macho ni mpira wa ping-pong uliokatwa nusu, na nukta nyeusi ziangaliane kidogo kuelekea pua. Zikiwa katikati kabisa, kikaragosi kinaonekana kama kipofu. Gundi ikauke usiku mzima, maana ikifungiwa ndani ya sanduku mapema inayeyusha sponji.

Mkono una kanuni zake. Kinywa kinafunguka kwa kushusha dole gumba, si kwa kuinua vidole. Ukiinua vidole kichwa kinarudi nyuma na kikaragosi kinaongea na mbingu. Fungua mara moja kwa kila silabi. Kibemba, kama Kiswahili, kinamaliza silabi zake kwa irabu, kwa hiyo "Lesa" (Mungu) ni mara mbili na "mulishani" (habari zenu) mara nne. Kiwiko kiinamishwe mbele kidogo ili macho yaangalie watoto walioketi chini. Kikaragosi kiingie kama kinapanda ngazi, hatua tatu, kisiibuke kama chura. Na dakika tano ndiyo mwisho. Mkono ulioinuliwa zaidi ya hapo unaanza kuzama, na watoto wa nyuma wanaona nywele tu.

Jukwaa tumieni mabomba ya PVC ya milimita 32, manne ya mita 6. Linakuwa na paneli tatu: ya mbele upana wa mita 2.40, mbili za pembeni mita 1 kila moja, zote urefu wa mita 1.80 ili mtu asimame nyuma bila kuonekana. Kateni hivi: vipande 12 vya sentimita 90 kwa nguzo, vinne vya sentimita 120 kwa vizingiti vya mbele, vinne vya sentimita 100 kwa vya pembeni. Bomba la kwanza na la pili kila moja linatoa sita vya 90. La tatu linatoa vinne vya 120 na kimoja cha 100. La nne vitatu vya 100, na kinachobaki wekeni akiba. Mnahitaji kona 12 za kawaida na viunganishi 8 vya kunyooka. Hakuna gundi. Kila kipande kiandikwe namba kwa kalamu ya wino mzito, na kila kona iandikwe namba ileile. Paneli zifungwe pamoja kwa vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli. Kona za pande tatu zingependeza zaidi, lakini si kila kwinkayeri, yaani muuza vifaa vya ujenzi, anazo, na ikipotea moja safari imekwisha. Kona ya kawaida inapatikana hata Chililabombwe.

Kitambaa kiwe cheusi na kizito, mita 7 za upana wa mita 2, kining'inie kwa mikunjo. Chepesi kinaonyesha kivuli cha miguu. Upepo wa Julai utalilaza jukwaa hili kama tanga, kwa hiyo kila moja ya nguzo sita ifungiwe bidoni ya lita 5. Bidoni zinasafiri tupu na kujazwa maji shuleni.

Sauti ya vikaragosi irekodiwe mapema na mwenyeji mwenyewe, Kibemba chake safi, chumba chenye mapazia na blanketi, simu karibu na mdomo. Watu wa Lubumbashi washike vikaragosi tu. Kuna Wabemba wengi mjini kwetu na kila timu ina mmoja anayesema "mimi nakijua", lakini watoto watacheka lafudhi badala ya hadithi. Faili ziwe kwenye flashi mbili, zimepewa namba 01, 02, 03. Msipige kutoka kwenye simu iliyounganishwa bila waya, kwa kuwa mtu atapiga simu, na kondoo atalia kwa mlio wa simu yenu.

Spika iwe ya betri, inchi 12, ichajiwe usiku. Mwaka 2024 ukame wa bwawa la Kariba uliiachia Zambia mgao mkali wa umeme, kwa hiyo msitegemee soketi ya darasani. Hata umeme ukiwapo, soketi zao ni za matundu matatu bapa ya Kiingereza, plagi zetu za duara haziingii. Adapta nne.

Asubuhi ya shule

Shule nyingi za Copperbelt zina zamu mbili, na tangu 2022 serikali ilipofuta ada watoto wamezidi kujaa. Fikeni saa moja na nusu kabla ya onyesho. Kwanza ofisini kwa mwalimu mkuu, timu nzima, mwenyeji akitangulia. Kitabu cha wageni, salamu, ndipo vifaa vishuke. Anayeanza kufunga mabomba kabla ya salamu ameharibu siku.

Jukwaa linawekwa kufuata jua. Julai jua letu linapita upande wa kaskazini. Saa nne asubuhi liko kaskazini-mashariki. Watoto waketi mgongo kwa jua, yaani jukwaa liwe kusini-magharibi yao. Mkikosea, watoto wanakunja nyuso, na waigizaji wanakuwa vivuli vyeusi. Ukuta wa darasa nyuma ya jukwaa unasaidia kuzuia upepo na pia unarudisha sauti.

Chorea mstari wa chokaa mita 2 mbele ya jukwaa. Watoto 600 wanakaa safu 20 za watu 30, wadogo mbele, na njia ya mita moja katikati ambayo mtu wenu wa usalama anapita. Hiyo ni nafasi ya mita 15 kwa 12. Wakizidi 600, omba maonyesho mawili. Kulazimisha 1,000 mara moja ni kuwasukuma walio mbele waingie ndani ya jukwaa.

Maneno manne ya Kibemba kila mtu ayajue: ikaleni (ketini), iseni (njooni), kabiyeni (nendeni), tondolo (kimya). La mtego ni kuya. Lubumbashi ukimwambia mtoto "kuya hapa" anakuja. Kibemba ukuya ni kwenda. Mtu wetu akiita kwa nguvu "kuya! kuya!" huku akipunga mkono, safu za mbele zitasimama zikiwa hazijui kama zinaitwa au zinafukuzwa.

Ratiba yenyewe: salamu za mwenyeji dakika 2, wimbo wa vitendo 4, kondoo 7, neno la mwenyeji 3, vikaragosi 5, wimbo 3, mwalimu mkuu 3. Jumla 27. Mmeomba 40, 13 zinazobaki zitaliwa na kuketi, upepo na kengele. Zisipoliwa, malizeni mapema. Mwalimu anayerudishiwa dakika kumi za hesabu atawaita tena mwakani.

Msiulize "nani anataka kumpokea Yesu? Inua mkono". Watainua wote 600, pamoja na mtoto wa imamu, kwa kuwa mtu mzima mgeni ameuliza mbele ya mwalimu. Namba hiyo itapendeza kwenye ripoti ya kanisa Lubumbashi na haitakuwa na maana yoyote Chingola. Mwenyeji atangaze siku na mahali pa mkutano wa watoto kanisani kwake, na karatasi ndogo ya kumpelekea mzazi. Wiki tatu baadaye hesabuni waliokuja kwa idhini ya nyumbani. Huenda wakawa 20. Hao ndio.

Peremende hapana. Mfuko mmoja ukifunguliwa, safu zote zinavunjika na mtoto mdogo anakanyagwa. Mwenye zawadi ampe mwalimu mkuu: sanduku la chaki, mpira wa miguu.

Kulinda watoto

Zambia ina Sheria ya Watoto ya 2022 na sheria ya kulinda taarifa za watu ya 2021, na walimu wanazifahamu. Kila mmoja wenu aje na hati ya mahakama inayoonyesha hana kosa la jinai, na barua ya mchungaji wake. Hakuna mtu wa timu kuwa peke yake na mtoto, hata kumpeleka chooni. Hakuna kubadilishana namba za simu. Hakuna picha inayoonyesha sura mpaka shule na mzazi wakubali kwa maandishi. Pigeni picha za jukwaa kutokea mgongoni mwa watoto, zinapendeza vilevile.

Baada ya kondoo aliyepotea kuna mtoto atakayekuja kusema jambo zito: baba anampiga, au mjomba anamfanyia yasiyosemeka. Hutokea. Msikilizeni pale panapoonekana na watu, msiulize maswali ya kumchimba, msimwahidi siri. Mwambie umefanya vema kusema, kisha siku hiyohiyo mpelekeeni habari mwalimu wa ushauri wa shule, mwenyeji akiwapo, na andikeni maneno ya mtoto kama alivyoyasema, kwa tarehe na saa.

Kurudi

Siku ya mwisho kaeni na mwenyeji na, ikiwezekana, mwalimu mkuu mmoja. Waulizeni kitu gani hakikueleweka. Wataanza kwa kusifu, ngojeni.

Mara nyingi mwenyeji ataomba abaki na kondoo kwa ajili ya shule yake ya Jumapili. Mpeni, pamoja na flashi moja ya sauti, na nusu saa ya kumwonyesha jinsi ya kushusha dole gumba. Lakini kabla ya kuondoka, kikaragosi hicho kifuteni kwenye nakala mlizo nazo za orodha ya forodha kwa sahihi ya kiongozi, kisha hesabuni vipande 20 vya bomba, kona 12 na viunganishi 8 mbele ya basi, si mpakani.